Mtu wa Ukoo wa Namba

Kosa lilikuwa langu. Ningependa kumsukumia mtu mwingine, lakini aliyefungua mdomo mezani ni mimi, na ugali ulikuwa bado moto.

Kazi yangu ni kukaa kwenye lango la kiwanda cha chai nikiandika wageni. Mtu anafika, namuuliza jina, nambari ya kitambulisho, ametoka wapi na anamtaka nani. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Nimeandika wakaguzi, wauza bima, wahubiri, na bwana mmoja aliyekuja kutuuzia nyuki. Siku hizi jina la mtu linaniingia sikioni na kutokea kwenye kalamu bila hata kukisalimia kichwa. Lakini Jumatatu moja ya kiangazi, wakati majani ni machache na mitambo inafunguliwa kufanyiwa matengenezo, aliteremka kwenye pikapu Mhindi mmoja mnene, mpole, amebeba sanduku la spana. Akataja jina lake la ukoo. Kalamu ikasimama.

"Rudia," nikamwambia, kwa ukali ambao hakustahili.

Akarudia. Lilikuwa lile lile.

Jina lenyewe sitaliandika hapa, maana wenye nalo ni wengi na hawajanikosea. Ila nyumbani kwetu, huko juu upande wa Kimulot, hakukuwa na asiyelijua. Baba alilitaja kama watu wengine wanavyomtaja mbunge: kwa kutarajia makubwa, na bila kuwahi kumwona.

Lazima nieleze habari ya baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hadi leo kijiji kizima kinamwita Mwalimu, pamoja na mama yangu aliyezaa naye watoto sita. Alipostaafu, wenzake waliongeza mashamba ya chai, wengine wakaingia siasa za kanisa. Yeye alijenga boma la ndama. Lilikuwa la duara, lenye nguzo ishirini, na alipokuwa akizungusha waya aliona kitu. Akienda nguzo nne nne, waya ulirudi pale ulipoanzia baada ya kugusa nguzo tano tu, na zile kumi na tano zikabaki zimesimama bure kama wageni wasiokaribishwa. Akienda tatu tatu, waya uligusa nguzo zote ishirini kabla ya kurudi mwanzo. Mtu mwingine angemaliza boma. Baba aliuacha waya ukining'inia, akaingia ndani kutafuta kalamu, na ndama wetu akalala jikoni wiki tatu.

Tangu siku hiyo ikawa ni madaftari. Duara la nguzo saba, duara la nguzo nane, la tisa, mpaka mia na zaidi. Kila duara alilichora kwa mkono, na mistari ikikatana ndani yake, kisha chini akaandika ni hatua zipi zinazogusa nguzo zote na zipi zinazodanganya. Ndivyo alivyosema yeye: "Hatua hii inadanganya." Madaftari kumi na moja yalijaa. Mama aliwaambia majirani kwamba anaandika wosia, kwa sababu wosia angalau watu wanauelewa. Sisi watoto tulimjibu, "Ni sawa, Baba," kwa sauti ile unayomjibu mtoto aliyekuletea jiwe akakuambia ni gari. Hakuna kati yetu aliyefungua hata daftari moja. Ninaandika hivyo na aibu inanipanda, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu mpwa wangu akarudi likizo kutoka chuo kikuu na makaratasi ya somo linaloitwa nadharia ya namba. Baba alisikia neno "namba," akamnyang'anya, akayasoma siku mbili huku karatasi ikimgusa pua. Mengi hakuyaelewa, naye alisema hivyo waziwazi. Lakini katikati ya ukurasa mmoja kulikuwa na namba za aina fulani zilizopewa jina la mtu, na mpwa wangu akamwambia kwamba mtu huyo alikuwa Mhindi.

"Hilo ni jina lake, au ni la ukoo?" baba akauliza.

"La ukoo, kugo," mjukuu akajibu, na hapo mambo yakaharibika.

Maana kwetu, mtu akikutajia ukoo wake amekwisha kukuambia nusu ya habari zake. Umejua mnyama wao ni gani, umejua hawezi kuoa wapi, na umejua watu wake wanasifika kwa nini. Kuna ukoo wa wafua vyuma. Kuna ukoo ambao usigombane nao wakati wa mvua, maana radi ni yao. Kwa hiyo baba alipoona jina la ukoo limebandikwa kwenye namba, hakufikiri kwamba palikuwa na mtu mmoja hodari aliyekesha na vitabu. Alielewa kwamba huko India kuna ukoo uliopewa namba na Mungu kama wengine walivyopewa chuma, na kwamba mtu yeyote wa ukoo huo, mkubwa kwa mdogo, akiiona hesabu barabarani ataitambua na kuisalimu.

"Iko siku," akawa anasema, "mtu wa ukoo ule atasoma kazi yangu."

Na sisi tukasema ni sawa, Baba.

Shida ni kwamba macho yalikuwa yanakwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Hospitalini Kaplong walimwambia ni upasuaji mdogo, jicho moja kwanza, la pili baadaye, wakampa tarehe. Tarehe ikafika, akasema ng'ombe anazaa. Wakampa nyingine, akasema kuna mazishi. Mazishi kweli yalikuwepo, ila ya mtu asiyemjua. Ikafika mahali anamimina chai pembeni mwa kikombe, na asubuhi moja nikamkuta uani akilisalimia koti la mama lililoanikwa kwenye kamba. "Chamgei," akaliambia, na akangoja lijibu. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo kugombana naye ilikuwa kazi yangu. Nilibembeleza, nikatisha, nikamletea mchungaji. Mchungaji alikaa naye saa mbili, akatoka na duara la nguzo kumi na mbili mfukoni.

Ndiyo sababu nasema kosa lilikuwa langu. Jioni ile ya Jumatatu, nikimpakulia mboga, nikasema tu bila kufikiri: "Leo nimeandika Mhindi wa lile jina lako. Amekuja kutengeneza mashine."

Baba aliliweka tonge chini.

"Yuko wapi?"

"Kiwandani. Lakini ni fundi, Baba. Fundi wa vyuma."

"Ukoo ni ukoo. Mlete."

"Baba, nimekuambia huyo ni fundi wa spana!"

"Mlete asome. Akisoma akaniambia hii ni kitu au si kitu, kesho yake unipeleke Kaplong. Sitakusumbua tena."

Nilimtazama mama, mama akanitazama. Miaka miwili tulikuwa tumepigana na huyu mtu, na sasa anajileta mwenyewe. Lakini mimi nina mdomo, nikamuuliza kwa nini lazima asomewe kwanza.

"Kisu kinaweza kukosea," akasema. "Kikikosea, nitakuwa sijawahi kuona uso wa mtu akisoma kazi yangu. Hata mtu mmoja."

Niliinuka nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake, saa ya chai, nikamfuata fundi. Alikuwa chini ya mashine ya kukata majani, miguu tu ndiyo inayoonekana, kwa hiyo nikaanza kuongea na viatu.

"Fundi, samahani. Wewe unajua hesabu?"

Viatu vilitulia. Kisha sauti ikatoka, sauti ya mtu aliyechoka: "Nani amekutuma?"

Akajivuta nje, akaketi juu ya sanduku lake, akajifuta grisi, akanisimulia. Kiswahili chake alikipata kwa mafundi wa viwandani, miaka mingi, kwa hiyo kila boliti alilijua jina, na mambo mengine aliyazungukia mpaka akayapata. Jina hilo, alisema, limemtesa tangu utotoni. Kila mwaka mwalimu mpya anasoma rejista, anafika kwa jina lake, anafurahi, anamwita ubaoni.

"Dakika mbili tu, mwalimu amehuzunika," akasema. "Sasa mwaka mzima mimi nakaa nyuma, mwalimu anakaa mbele na huzuni yake."

Mtihani wa hesabu alianguka mara tatu. Baba mkwe wake alimpa binti akidhani anapata kichwa, na mpaka leo hajamsamehe. Kwao, alisema, watu wa jina hilo wamejaa: wauza sukari, makondakta, hata wezi wawili anaowafahamu yeye mwenyewe. Huyo wa kwenye vitabu si ndugu yake, si jirani yake, wala hajui alizaliwa wapi.

"Mimi kuja Kenya nikasema, afadhali, huku hakuna mtu anajua hii jina. Sasa wewe, madam, huku juu kwa majani chai, umeitoa wapi?"

Nilimhurumia kwelikweli. Lakini nilikuwa na baba wa kupeleka Kaplong. Nikamweleza habari yote, boma, macho na ahadi, kisha nikamwomba adanganye. Sikuzunguka.

"Njoo Jumapili. Fungua daftari, tazama kama dakika kumi, useme, 'Mzee, hii ni kazi nzuri sana.' Basi. Tutakupikia."

"Nidanganye mzee?"

"Umsaidie mzee."

Akajikuna kichwa kwa spana. "Kwani ndani ya daftari kuna nini?"

Hapo nikakwama. "Namba," nikasema. "Na maduara." Nikajaribu kukumbuka kitu kingine cha kumwambia, nikakuta sina.

Jumapili mama alirudi kanisani mbio, akachinja kuku wawili. Baba alivaa suti aliyoagwa nayo shuleni, na tai, akajipanga kitini karibu na dirisha ili mwanga umwangukie mgeni usoni. Fundi akafika na boda boda, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili, hakumwachia.

"Karibu sana. Karibu. Niambie kwanza, mnyama wenu ni gani?"

Fundi alinitazama. "Mimi sina mnyama, Mzee," akajibu kwa heshima. "Naishi ghorofani, hawaruhusu."

Baba aliona ni siri ya ukoo, akaitikia kwa kichwa na hakuuliza tena.

Chakula kikaletwa. Fundi akatazama kuku, akatazama mama, akasema pole pole kwamba yeye hali nyama. Kuku je? Hali. Mayai? Hali. Mama akanigeukia na kuniuliza kwa Kikipsigis kama mgeni ni mgonjwa. Nikasema si mgonjwa. "Sasa huyu anakulanga nini, na vile amenona?" akauliza, safari hii kwa Kiswahili, maana hasira ilimchanganya lugha. Tukampa maharagwe, sukuma wiki na viazi, naye akala vizuri sana, lakini mama alikuwa amekwisha kuumia moyo. Kwa kujitetea akaleta kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando yenye masizi. Fundi akaonja. Uso ukamfunguka, akasema anakumbuka kwa mama yake. Mama akaanza kutabasamu. Halafu fundi akaomba chumvi.

"Chumvi?" mama akasema. "Kwa mursik?"

"Kidogo tu, Mama."

Mama alikikumbatia kibuyu kana kwamba kuna mtu anakuja kukichukua kwa nguvu. Nikaleta chumvi mwenyewe. Fundi akatia, akakoroga kwa kidole, akanywa vikombe vitatu, na mama akakaa pale akimtazama kama mtu anayeshuhudia ajali. Siku hizi yeye mwenyewe hutia chumvi akidhani hatumwoni, lakini siku ile ilikuwa msiba.

Vyombo vikaondolewa. Baba akafungua mfuko wa plastiki, akatoa daftari la kwanza, akalisukuma mezani. Kisha akainama mbele na kumkazia fundi macho yale yenye ukungu, asipitwe na chochote.

Fundi akafungua kwa ncha za vidole. Ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili. Nilimkonyeza kwamba inatosha. Akavuta pumzi. "Mzee," akaanza, "hii ni kazi..."

Akasimama hapo. Akarudisha ukurasa. Akaligeuza daftari, akaweka kidole juu ya duara moja na kuanza kuufuata mstari, nguzo hadi nguzo, midomo ikicheza. Nikakohoa. Hakusikia. Nikakohoa tena kwa nguvu, mama akaniletea maji.

"Hii ni nini?" fundi akauliza.

"Nguzo," baba akasema.

"Hapana, Mzee. Hii ni meno."

Nikajua tumekwisha. Fundi akafunika daftari kwa kiganja, akamtazama baba.

"Mzee, nisamehe. Mimi hesabu sijui. Jina ni jina tu. Shuleni nilianguka mara tatu. Madam hapa aliniambia nikisema 'kazi nzuri' wewe utaenda hospitali."

Baba alinigeuzia uso. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke inimeze kama siku ile. Mama akasema "Woiye," na mpaka leo sijui alikuwa akimhurumia nani.

"Lakini hii naijua," fundi akaendelea, akigonga ukurasa. "Hii ni gia. Kwa ile mashine nafungua, gia ndogo iko na meno kumi na saba, kubwa iko na arobaini. Kwa nini si ishirini na arobaini, namba rahisi? Nikiwa najifunza kazi nilimuuliza mkubwa wangu. Akasema, ukiweka ishirini na arobaini, jino mbovu ya hii itagonga meno yale yale mawili ya ile, kila siku, mpaka yavunjike. Ukiweka kumi na saba, jino mbovu inagonga kila mtu kidogo kidogo. Hakuna mmoja anaumia peke yake."

"Kama jirani mkorofi akitembea nyumba kwa nyumba," mama akasema.

"Sawa kabisa, Mama. Lakini kwa nini kumi na saba inafanya hivyo, mkubwa hakujua. Alisema ndivyo ilivyo, shika spana."

Baba alikuwa amekwisha kuanza kugonga meza kwa kidole. "Nguzo arobaini," akasema. Hakuhitaji daftari. "Hatua kumi na saba. Hiyo haidanganyi. Itagusa zote, na itarudi mwanzo safari ya arobaini. Si kabla."

"Kwa nini?" fundi akauliza.

Aisee! Sidhani kama kuna mtu aliwahi kumuuliza baba neno hilo tangu astaafu. Alivua koti. Akachukua kalamu, akaanza kuchora akiwa ameinama mpaka tai ikaingia kwenye chai, akaeleza kwamba hakuna namba inayogawa kumi na saba na arobaini pamoja ila moja, na kwamba waya hurudi mapema pale tu hizo mbili zinapokuwa na kitu cha kugawana. Fundi akauliza tena. Baba akachora tena, duara dogo zaidi, nguzo tisa. Mama na mimi tulikaa pale tukisikiliza mambo yaliyolala kabatini kwetu miaka yote. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtu wa jina lile aliketi mbele ya mwalimu wa hesabu, na mwalimu hakuhuzunika.

Halafu baba akaweka kalamu chini.

"Sasa niambie ukweli. Kuna mtu aliyejua hii kabla yangu?"

Fundi akanitazama. Nilimwomba kwa macho adanganye. Nakiri, baada ya yote yale bado nilitaka adanganye.

"Wanajua, Mzee," akasema. "Kwa vitabu vya gia iko. Zamani sana. Kabla ya babu yako."

Mama akaacha kupangusa meza. Baba akaweka mikono juu ya magoti, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

"Kweli kabisa."

"Sikukosea mahali."

"Gia ingevunjika, Mzee."

Baba akacheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa. "Niliogopa ni wazimu," akasema. "Miaka yote hii niliogopa ni wazimu tu umenipata kwenye boma la ndama. Hawa wakiniambia ni sawa, ni sawa, nikajua hawajasoma. Aliyesoma hawezi kusema ni sawa. Lazima atauliza."

Kumbe alijua. Miaka yote alikuwa anajua. Nikapiga magoti pale pale mbele ya mgeni, mtu mzima mimi, nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani kidogo, kisha akasema niamke, mgeni hana chai.

"Hiyo gia iko wapi sasa?" akamuuliza fundi.

"Iko wazi, kifuniko nimetoa. Mwisho wa mwezi nafunga. Kufungua tena, labda miaka mitano."

Baba akanigeukia. "Kesho ni Jumatatu. Kaplong wanafungua saa ngapi?"

Hawakumpasua siku hiyo, bila shaka. Walimpa tarehe, na safari hii hakukuwa na ng'ombe wala mazishi. Siku ya kufunguliwa bandeji nilisimama mbele yake nikiomba kimoyomoyo. Akapepesa jicho. Akanitazama kwa muda mrefu, kuanzia juu mpaka chini.

"Umezeeka," akasema.

Kisha akamgeukia mama, akatazama, akafikiri, akanyamaza. Miaka hamsini ya ndoa imemfunza.

Daktari alitaka apumzike mbali na vumbi kwanza. Tukangoja mpaka siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, na fundi akanipigia simu mara mbili kuuliza kama mzee anakuja, maana meneja anataka kifuniko kirudishwe. Asubuhi tuliyokwenda, nilikaa langoni nikamwandika kama mgeni yeyote. Jina, kitambulisho, umekuja kumwona nani?

"Gia," akasema, nami nikaandika hivyo hivyo.

Kiwandani lazima uvae koti jeupe na kofia ya kufunika nywele. Baba, na ile miwani nyeusi ya hospitali, akaonekana mkubwa sana. Wafanyakazi walidhani ni mkaguzi kutoka makao makuu, na kote tulikopita mafagio yakaanza kazi. Fundi alikuwa akingoja kando ya mashine. Gia zilikuwa zimepanguswa zikang'aa. Baba hakusalimia mtu. Alihesabu meno ya ile ndogo kwa kidole, kisha ya ile kubwa, kisha akarudia zote mbili, kwa sababu haamini fundi wala mtu mwingine.

Wakatia chaki jino moja la gia ndogo, na chaki pale linapoumana na ile kubwa. Fundi akashika chuma cha kuzungushia.

"Arobaini," baba akasema. "Gia ndogo itazunguka mara arobaini ndipo chaki ikutane na chaki. Wewe hesabu," akaniambia mimi.

Nikaanza kuhesabu peke yangu, kwa sauti ndogo, nikiona haya. Moja. Mbili. Tatu. Mafagio yakanyamaza. Kwenye saba chaki zilipita karibu, jino moja tu kati yake, na mtu wa nyuma akasema "Aa, imekosa." Kufika ishirini nilikuwa sihesabu peke yangu. Mafundi, wafagiaji, hata karani wa stoo, wote walikuwa wamesimama pale, wengine hawajui tunahesabu nini. Kwenye thelathini na tatu chaki zikakaribiana tena, jirani kabisa, watu wakapiga kelele, "Hiyo! Hiyo hapo!"

"Bado," baba akasema. Hata hakusogea.

Thelathini na nane. Fundi jasho linamtoka. Thelathini na tisa. Nilikuwa namtazama baba, si gia, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya bandeji. Nilifikiri, Mungu wangu, kama amekosea, nimemrudishia macho aje aone hili.

"Arobaini!" kiwanda kizima kikasema, na chaki ikakaa juu ya chaki.

Fundi alikiachia kile chuma, akamkumbatia baba, na koti jeupe likaingia grisi mabega yote mawili. Watu walipiga makofi, na wale waliokuwa hawajui wakapiga zaidi. Mimi nililia. Sikujificha, sikusingizia vumbi. Baba akanisogelea akiwa na daftari jipya, la kumi na mbili, lililofunguliwa ukurasa wa kwanza. Akanitia kalamu mkononi.

"Andika uliyoyaona," akasema. "Na uandike vizuri. Siku hizi naona."